Mhazini Aliyefuta Sauti

Bajeti yangu ya kwanza Mhazini aliisoma akiwa amesimama, kama mtu anayesoma tangazo la mnada. Ilikuwa karatasi moja tu, nimeichapa kwa adabu zote na kuigonga muhuri wa studio yangu ya Omurushaka, studio ambayo kwa kweli ilikuwa chumba kimoja kati ya saluni na duka la pembejeo. Alipofika mstari wa nne akaketi.

"Hii 'sauti' ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni vimaiki vidogo vya kubana kwenye kola ya shati, pamoja na mtu wa kuvisimamia.

"Kamera yako haina masikio?"

"Inayo, mama, lakini dhaifu. Inasikia kila kitu kwa pamoja."

"Hata mimi nasikia kila kitu kwa pamoja," akasema, akafuta sauti kwa mstari mmoja ulionyooka, na akaendelea na mstari wa tano.

Alikuwa mhazini wa kikundi cha wakulima wa kahawa kule Kituntu. Wakulima wale walikuwa wamechoka kuuza kahawa ya maganda kwa bei anayopanga mnunuzi akiwa amekaa ndani ya gari lake. Walikuwa wamenunua mashine ya kukoboa, wamejifunza kukaanga, wamechapisha pakiti nzuri za rangi ya udongo, na sasa walitaka video za mitandaoni ili watu wa mijini wawaone. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Mwanza na kamera mbili na maneno mengi. Wakaniita. Jina halisi la Mhazini liko kwenye daftari la kikundi, lakini sijawahi kusikia mtu akilitumia. Hata akina mama wenzake wa kanisani walimwita Mhazini, na mume wake pia, nadhani kwa tahadhari.

Kabla ya hapo alitunza stoo ya hospitali ya misheni kwa miaka mingi, na huko ndiko alikopata elimu yake kuhusu binadamu. Wodi ikiomba bandeji ishirini, alisema, ujue inahitaji kumi. Daktari akiomba sabuni katoni mbili, moja inakwenda kwake. "Kila anayeomba anaomba mara mbili," aliniambia. "Kazi yangu ni kumrudisha mtu kwenye ukweli wake." Kwa hiyo kila karatasi iliyopita mikononi mwake ilitoka ikiwa nusu. Hakuwa na hasira wala uchoyo. Ilikuwa imani, kama wengine wanavyoamini kwamba ukila senene mbichi utaumwa tumbo.

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa mjinga wakati ule, nilikuwa nimeandika ukweli. Ukweli ukikatwa nusu haubaki ukweli mdogo. Unabaki video ya Mwenyekiti amesimama mbele ya mashine ya kukoboa, amevaa koti la suti katika jua la saa saba, akihutubia kwa dakika kumi bila kusikika hata neno moja. Mashine ndiyo iliyosikika, na vizuri sana. Video ilipokwenda mtandaoni, watu watatu waliandika kuuliza bei ya mashine. Wa kahawa hakutokea.

Nilimpelekea Mhazini habari hizo nikidhani ataona kosa lake.

"Angalau wameuliza bei," akasema.

Kuhusu urefu wa video alikuwa na mawazo yake pia. Nilipomwambia kwamba video ya mtandaoni haifai kuzidi dakika mbili, alinitazama kama anayemtazama fundi aliyeleta suruali ya mguu mmoja. Harusi ya binti yake ilirekodiwa kutwa nzima, tena na mtu aliyekuwa amekunywa, na bei ilikuwa ndogo kuliko yangu. Akachukua kikokotoo, akagawa bei yangu kwa sekunde, akapata kwamba kila sekunde inakula kilo nzima ya kahawa ya maganda. Tangu siku hiyo aliziangalia video zangu kwa jicho hilo. Tuliketi ofisini kwao, kompyuta yangu juu ya magunia, naye akinisimamisha kwa kidole.

"Rudisha. Hapo Mwenyekiti anafanya nini?"

"Anameza mate, mama, kabla ya kuanza."

"Tumelipa kilo ya kahawa Mwenyekiti ameze mate?"

Nikakata. "Na hapo?" Hapo ilikuwa picha yangu ninayoipenda, ukungu unapanda taratibu juu ya migomba, sekunde tisa. "Kilo tisa za ukungu," akasema. "Ukungu hapa nani hana?" Nikakata ukungu nao, moyo ukiniuma. Video ikatoka nyepesi, inakwenda kama mtu anayejua anakokwenda. Nimefanya kazi na wahariri waliosomea hiyo kazi Dar es Salaam, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunifundisha kukata kama mwanamke yule ambaye aliniharibia kila kitu kingine.

Maana aliharibu, nisimpambe. Kamati ilikutana mara tatu kujadili namna ya kupunguza bajeti ya video ya pili. Kila kikao kilikuwa na posho, nauli, soda, na kwenye kikao cha tatu nyama ya mbuzi, kwa sababu mjadala ulikuwa mgumu. Nilipiga hesabu mwenyewe pembeni: vikao vya kupunguza gharama vilikula zaidi ya kilichopunguzwa. Nikamwonyesha. Aliisoma hesabu yangu mpaka mwisho, akanisahihisha jumla mahali pamoja, akakubali kwamba ni sahihi.

"Sasa, mama?"

"Posho iko kwenye katiba ya kikundi," akasema. "Sauti haiko."

Na posho yake aliichukua, kila kikao, mpaka shilingi ya mwisho. Alisaini kwa herufi kubwa zilizokaa wima, akazikunja noti na kuzifunga kwenye pindo la kitenge. Mtu huyohuyo alifuta maji ya kunywa ya wapiga picha wangu kwa maelezo kwamba mtu mzima hutoka nyumbani ameshakunywa maji. Kisha jua lilipokuwa utosini alitupeleka kwake, akatuandalia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage na samaki wa kukaushwa, akatulazimisha kuongeza, na akawapakia wenzangu ndizi mbivu za njiani. Nilimwomba aandike chakula kile kwenye gharama za kikundi. Akaudhika kweli. "Mtu haandiki wageni," akasema.

Fungu lililomchekesha zaidi lilikuwa la kulipia tangazo. Nilimweleza kwamba mtandao una watu wengi kama mchanga, na usipolipa kidogo video yako haiwafikii walioko mbali.

"Yaani tunalipa ili watu watutazame?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mchungaji hajawahi kutulipa tuje kanisani."

Akalifuta, na badala yake akafanya tangazo kwa miguu. Kwa juma zima alipita nyumba kwa nyumba, Kituntu hadi Igurwa, akiwasimamia watu wafungue simu zao na kuangalia hadi mwisho. Alipata watazamaji, siwezi kukataa. Wote walikuwa wakulima wa kahawa. Tulikuwa tumewatangazia kahawa watu ambao kahawa imeanikwa uani kwao.

Basi nikaanza kujifunza njia zake. Bajeti ya tatu niliiandika mara mbili ya nilichohitaji, na kwa kuwa kuongeza tarakimu peke yake kungeonekana, nilibuni watu. Niliandika mtaalamu wa rangi kutoka Mwanza. Katika kazi yetu huyo ni mtu anayekaa mbele ya kompyuta na kusawazisha rangi za picha ili majani yaonekane majani. Kweli yupo katika filamu kubwa. Kwangu alikuwa mimi mwenyewe, usiku, na chai.

Mhazini hakumkata. Nilishangaa, nikafurahi. Aliandika pembeni tu: "Aje asaini mwenyewe."

Nikamtafuta binamu yangu anayeendesha bodaboda Nkwenda. Nikamvalisha shati langu jeupe na miwani ya marehemu mjomba, nikamwambia kazi yake ni kusaini na kunyamaza. Tulimkuta Mhazini mlangoni mwa ghala la kikundi.

"Wewe ndiye wa rangi?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Za maji au za mafuta?"

Binamu akanitazama. Mimi nikatazama chini. "Zote, mama," akasema maskini.

"Vizuri." Akafungua ghala. Kulikuwa na madebe ya rangi nyeupe, brashi, na ngazi, vimepangwa tayari. "Malipo yako yameshaandikwa na kamati, haya hapa. Anza na mlango, kisha ukuta wa mbele. Ukimaliza wa nyuma ndipo unasaini."

Nilifungua mdomo kueleza, akaniuliza kama kuna kosa lolote kwenye bajeti yangu analopaswa kuliripoti kwa kamati. Nikasema hakuna. Binamu yangu alipaka ghala siku mbili, bodaboda yake imeegeshwa chini ya mgomba, abiria wake wakipiga simu kumtafuta. Siku ya pili jioni Mhazini alikagua kuta, akamhesabia fedha yake yote bila kukata, kisha akanigeukia.

"Mtaalamu wako hana kasi," akasema, "lakini anavumilia. Ana pua yako."

Hakusema zaidi, wala hakunishtaki. Angenishtaki ningepata cha kujitetea.

Sasa nifike kwenye lililoumiza. Mwanamke mmoja mwenye mkahawa Dar es Salaam aliiona ile video nyepesi, akavutiwa, akaandika kwamba anatafuta kikundi kimoja ili anunue kahawa kwao moja kwa moja, msimu hadi msimu. Alikuwa anachagua kati yetu na kikundi kingine cha huko Kaisho. Alitaka jambo moja: video ya wakulima wenyewe wakieleza wanavyochuma, wanavyoosha na wanavyoanika, kwa maneno yao. Alitupa wiki mbili. Bei aliyotaja iliwafanya wazee waombe isomwe tena. Kuna mama mjane, mwanachama, aliyeniuliza kwa siri kama bei hiyo ni ya kilo au ya gunia.

Niliandika bajeti ya kweli, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Siku mbili, kamera moja, kuhariri, na sauti. Sauti niliipigia mstari. Nilimwambia Mhazini uso kwa uso: "Mama, safari hii sijaongeza kitu. Kata chochote, usikate hiyo."

Alinitazama kwa muda. Najua sasa alikuwa anapima, na najua alipima kwa kipimo gani: mbele yake alisimama kijana aliyemletea dereva wa bodaboda akiwa na miwani ya marehemu. Akafuta.

Tulirekodi. Siku ya pili mvua ikashuka juu ya bati la kituo cha kuoshea kahawa wakati yule mama mjane akizungumza. Alikuwa akieleza jinsi anavyozichagua kahawa nyekundu moja moja kama mtu anayetoa chawa kichwani mwa mtoto, na uso wake ulikuwa unawaka. Kwenye kompyuta nikakuta uso unaowaka na kelele ya bati. Nilijaribu kila njia. Nikaweka maandishi chini ya picha. Nikaituma.

Jibu lilikuja kwa upole. Yule mwenye mkahawa alishukuru, akasifu picha, akasema amewachagua wale wa Kaisho kwa sababu amewasikia. Msimu huo kahawa ya Kituntu ilikwenda kwa mnunuzi wa siku zote, akiwa amekaa ndani ya gari lake.

Kwenye mkutano wa mwaka watu walikuja wengi, wakajaa hadi nje. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akaeleza kwa masikitiko kwamba kikundi kilikosa soko kutokana na "uzembe wa mtaalamu tuliyemwamini." Mtaalamu huyo nilikuwa nimeketi safu ya pili. Watu wakanigeukia. Niliona nyuso za watu niliokula kwao.

Mhazini akanyoosha mkono. Mwenyekiti akasema taarifa ya fedha itasomwa baada ya chakula.

"Nitaisoma sasa, wakiwa na njaa," akasema Mhazini. "Mtu aliyeshiba hasikii hesabu."

Akasimama na daftari. Akasoma fungu la video, mstari kwa mstari. "Posho za vikao vya video." Akasoma majina, na la kwanza lilikuwa lake, pamoja na jumla aliyochukua. Akafuata Mwenyekiti, kisha wengine, kila mmoja na chake, sauti yake haikupanda wala kushuka. "Mbuzi. Viti vya kukodi vya kikao cha tatu. Turubai." Kisha: "Sauti. Iliombwa mara tatu, ikafutwa mara tatu. Aliyefuta ni mimi."

Mtu akakohoa nyuma.

"Kijana huyu," akaendelea bila kunitazama, "alileta bajeti tatu ninazozikumbuka vizuri. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ya katikati ilikuwa ya uongo, na ghala mnaloliona limepakwa rangi kwa uongo huo. Ya mwisho ilikuwa ya kweli. Mimi sikuweza kutofautisha. Mhazini asiyeweza kutofautisha ana upungufu. Naomba katibu aandike."

Katibu hakuandika. Alikuwa amesomwa wa nne kwenye orodha ya posho.

Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nilikuwa nimetetewa na kuvuliwa nguo kwa sentensi moja, tena mbele ya binamu zangu watatu. Lakini aliyeharibikiwa zaidi alikuwa yeye. Uchaguzi ulifuata baada ya wali. Mwenyekiti alirudishwa kwa makofi, kwa sababu, kama mzee mmoja alivyonieleza, angalau yeye hana tabia ya kusoma majina ya watu. Mhazini alipata kura chache sana. Alizihesabu mwenyewe, maana ndiyo ilikuwa kazi yake, akazitangaza, akakabidhi funguo na daftari, akaondoka kwa miguu.

Aliyemrithi ni kijana mwenye shahada, ananiita kaka. Bajeti namtumia kwa simu, naye ananijibu kwa picha ya dole gumba kabla sijaweka simu mfukoni. Hajawahi kufuta kitu. Siku moja kwa makosa niliandika fungu la usafiri mara mbili, akalipa mara mbili. Niliporudisha fedha iliyozidi hakujua aiandike wapi, akaniomba nikae nayo. Video za siku hizi ni ndefu, zina ukungu mwingi, na Mwenyekiti anasikika kila neno. Wakati mwingine nikiwa nahariri najikuta nimeinua kidole.

Nilikaa karibu miaka miwili bila kumwona. Nilisikia mume wake amefariki, nikaenda msibani, tukasalimiana kama watu wengi. Kisha kiangazi kilichopita akanipigia simu asubuhi. Hakuuliza habari za kazi. Alisema, "Mwanangu, njoo na kamera. Kuna kazi ya nusu siku."

Nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye kibanja chake, shamba la migomba na kahawa, amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunga. Kaka wa marehemu, shemeji yake, alikuwa ameanza kusema kwamba mpaka wa kibanja haupiti kwenye miramura, ile mimea ya mpaka waliyopanda wazee, bali unapita huku karibu na nyumba, juu ya kahawa zote nzuri. Wazee waliojua walikuwa wameshazikwa. Shauri lilikuwa linakwenda baraza la ardhi.

"Nataka unichukue nikitembea mpakani," akasema. "Nitaonyesha kila mramura na kueleza aliyeupanda. Nikifa, watoto wangu wawe na kitu."

Tulianza. Alitembea polepole, akigusa kila mmea kama anayehesabu wanafunzi. Tulikuwa hatujafika kona ya pili shemeji alipotokea kati ya migomba, mzee mrefu mwenye kofia ya pama na fimbo, anahema.

"Nani amewaruhusu kupiga picha shamba la ukoo?"

Mhazini akapiga magoti kidogo, kama desturi. "Shikamoo, shemeji. Afadhali umekuja. Huyu ni mpiga video wa Omurushaka, amekuja kuchukua historia ya kibanja cha baba mkwe. Nilikuwa namwambia mimi ni wa kuolewa tu, sijui vizuri. Bila wewe uliyezaliwa hapa itakuwa kazi bure."

Mzee akaitazama kamera. Akashusha fimbo. Akavua kofia, akaipangusa kwa mkono wa shati, akaivaa tena, safari hii imeinama kidogo upande mmoja.

"Itaonwa na watu?"

"Wengi, waitu," nikasema, nikimpa heshima ya kikwetu.

"Nisimame wapi?"

Nikamweka jua likimpiga upande. Mhazini akasogea nje ya picha, mikono nyuma, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri Biblia ifunguliwe. "Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "waeleze watu baba mkwe alivyouweka mpaka. Na ni nani alipanda hapa."

Mzee akakohoa. Akaanza kwa Kiswahili cha hotuba, kizuri sana. Akaeleza jinsi baba yake alivyokuja na miche ya miramura kichwani, jinsi yeye mwenyewe akiwa kijana mwenye nguvu alivyochimba mashimo, hili, na lile, na lile kule bondeni, huku marehemu mdogo wake akishika kamba. Akatembea mstari mzima, mmea kwa mmea, akiupiga kila mmoja kwa fimbo yake ili kamera ione vizuri. Kahawa zote zilikuwa upande wa ndani, upande wa nyumba ya Mhazini. Alipofika wa mwisho akageuka, akafungua mikono.

"Hapa ndipo mpaka unapoishia," akasema. "Nami ndiye niliyeupanda."

Nilitaka kuzima. Mhazini akatikisa kichwa kidogo tu, na nikaacha kamera iendelee mpaka mzee alipotaja jina lake kamili, na la baba yake, na tarehe ya siku ile.

Kisha akaja kuangalia kwenye kioo cha kamera. Alijipenda. Akauliza itatoka lini, ili awaambie watu wake.

"Itatoka siku itakapohitajika, shemeji," akajibu Mhazini kwa upole, na akamkaribisha ndani anywe chai.